UZI: Upelelezi wa nyumbani. Kompyuta ya mtumba, riwaya za Bwana Msa na Jumamosi za Bagamoyo

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu salaam,

Likizo zikikaribia wazazi huanza kuulizana watoto watafanya nini zaidi ya kuinamia simu. Naweka hapa kile tunachofanya nyumbani kwetu Dar, na nitakiweka kwa kirefu, kwa sababu nimeona kinavyowachangamsha watoto akili na gharama yake haitishi. Tunacheza upelelezi. Tunatumia kompyuta ya mezani iliyoko sebuleni, riwaya za upelelezi za Kiswahili, na matembezi ya Jumamosi. Familia nyingi zina vyote vitatu, ila kila kimoja kinakaa kivyake: kompyuta ya kuangalizia katuni, vitabu vya kukaa kabatini, matembezi ya kula chipsi ufukweni na kurudi. Viunganishe uone.

Mchezo wote unaendeshwa na swali moja: "Umejuaje?" Mtoto akisema picha hii imepigwa asubuhi, anaulizwa umejuaje. Akisema mwizi ni mpishi, umejuaje. Baba akisema kesho bahari itakupwa saa nne, naye anaulizwa, tena na mtoto mdogo kuliko wote, na hana ruhusa ya kujibu "kwa sababu mimi ni baba". Hiyo kanuni ya mwisho ndiyo iliyowafanya watoto waupende mchezo.

Naanza na kompyuta.

Kesi ya kwanza inayofaa kumpa mtoto ni ya saa iliyorudi nyuma. Wenye kompyuta za mtumba mnaijua. Unaichomoa ukutani, inakaa, ukiiwasha tena inakwambia leo ni mwaka wa miaka mingi iliyopita. Ukifungua tovuti yoyote inakataa, inadai si salama. Wengi hapo humwita fundi. Usimwite. Waite watoto, waambie: mashine imesahau siku, na tovuti zimeikataa, tafuteni uhusiano.

Jibu liko kwenye ubao mkuu ndani ya boksi la CPU. Kuna betri ndogo ya duara, bapa, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Ndiyo inayoifanya saa iendelee kutembea wakati hakuna umeme. Ikifa, kila ukichomoa waya wa umeme saa inaanza upya kutoka tarehe aliyoiweka mtengenezaji. Na tovuti zinakataa kwa sababu kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini iko mwaka 2012 ikionyeshwa cheti cha mwaka huu inaona ni cheti ambacho muda wake haujaanza, basi inafunga mlango. Chomoeni umeme kwanza, gusa chuma cha boksi kutoa umemetuli mwilini, bonyeza kilimi kidogo pembeni, betri inaruka yenyewe. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha juu. Rekebisha tarehe. Tovuti zote zinafunguka.

Mtoto akishaiona hiyo kwa macho yake anajua jambo ambalo watu wazima wengi hawajalifikiria: tarehe unayoiona kwenye faili imeandikwa na saa fulani, na saa hiyo inaweza kuwa haiko sawa.

Kutoka hapo nenda kwenye faili zenyewe. Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, utaona tarehe ya kuundwa na tarehe ya kubadilishwa mara ya mwisho. Sasa nakili faili la zamani kutoka kwenye flashi hadi kwenye kompyuta, uangalie tena. Utakuta faili limebadilishwa mwaka juzi, lakini limeundwa leo. Mtoto atashangaa, kitu kinarekebishwaje kabla hakijazaliwa? Mwache ahangaike nalo. Akifika mwenyewe kwamba "kuundwa" hapo ni siku nakala ilipotua kwenye diski hii, na "kubadilishwa" ni siku maandishi yalipoguswa mara ya mwisho, amepata silaha. Mshukiwa anaposema "barua hii nimeiandika leo asubuhi hapa hapa", faili linamkana.

Halafu kuna picha. Kila picha ya simu au kamera hubeba maelezo yaliyofichwa ndani yake yanayoitwa EXIF: aina ya kamera, siku, saa, na kama mahali paliwashwa, latitudo na longitudo. Bagamoyo ni takriban -6.44 na 38.90. Hiyo alama ya kutoa maana yake kusini mwa ikweta. Mpe mtoto namba hizo bila alama ya kutoa, azitafute kwenye ramani. Ataangukia kusini mwa Ethiopia, nchi kavu, milimani, na picha mbele yake ina majahazi. Hapo hahitaji mwalimu wa jiografia kumweleza ikweta ina kazi gani.

Naendelea na riwaya chini, mniachie nafasi.

#2 Mwanzisha uzi

Upande wa vitabu.

Sisi tumeanza na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na nawashauri muanze naye. Mwandishi alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mkaguzi wa afya kabla hajawa mhariri wa magazeti, na mimi naamini ile kazi ya kuingia nyumba za watu na kutazama kila kona ilimwachia jicho. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu, watu wanatetemeka, na Bwana Msa na kiko chake anakaa kutafuta binadamu aliyefanya. Hakimbizani na mtu wala hapigi risasi. Anasikiliza, anapima nani amesema nini, anarudi kwenye kauli ndogo iliyompita kila mtu.

Kwa watoto hiyo ni dhahabu. Mtoto wa darasa la sita hawezi kupiga karate kama majasusi wa riwaya nyingine, lakini anaweza kusikiliza.

Namna tunavyosoma: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza. Kompyuta iko wazi kwenye lahajedwali, Excel au LibreOffice, yoyote ile. Safu ya kwanza jina la mhusika, ya pili anadai alikuwa wapi, ya tatu nani anathibitisha, ya nne "tumejuaje". Tukifika karibu na mwisho tunafunga kitabu, kila mtu anaandika jina la mhalifu kwenye karatasi na sababu moja tu. Jina sahihi bila sababu halina pointi. Sababu nzuri yenye jina lisilo sahihi inapata nusu. Mzee mmoja wa familia alilalamikia utaratibu huo. Watoto ndio waliomjibu, na walimjibu vizuri.

Ile safu ya nne ndiyo inayofundisha kompyuta bila mtu kuhisi anafundishwa. Panga kwa jina, chuja wasio na mashahidi, hesabu. Binti yangu alijifunza kuchuja data akimtafuta muuaji.

#3 Mchangiaji kutoka Mwanza

Mkuu uzi mzuri, ila kwa Bwana Msa umetuacha njiani. Kiswahili chake kigumu kwa watoto wa siku hizi. Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa mtoto hakiweki chini kitabu. Mimi nilisoma hao shuleni tukipokezana usiku kwa mshumaa. Hao ndio waliotufanya tupende kusoma.

#4 Mwanzisha uzi

Mkuu wa Mwanza, hao nawaheshimu sana. Kwa kasi na kwa kuipeleka Afrika nzima mezani kwa msomaji, hawana mpinzani, na mwenye kijana wa kidato cha tatu ampe bila kusita. Lakini pale unafuata mtu hatari akipita kwenye hatari. Msomaji anashika pumzi, hapati nafasi ya kukisia. Na kuna kurasa ambazo mimi nisingemsomea mtoto wa miaka kumi kwa sauti.

Kuhusu ugumu wa lugha, hapo ndipo ninaposhikilia msimamo. Mtoto akikutana na neno asilolijua ndani ya kesi anayotaka kuitatua, atalitafuta. Kamusi ikae karibu na kibodi. Neno moja la Kiunguja linaweza kuwa ndilo lililobeba ushahidi wote, na Bwana Msa ana tabia hiyo.

#5 Mchangiaji

Kaka mimi nina swali la mashine. Nina kompyuta ya mezani ya zamani, inaniambia Windows 10 imefikia mwisho na haiwezi kupokea 11. Niiuze kama chuma chakavu au bado itafaa kwa watoto?

#6 Mwanzisha uzi

Usiiuze ndugu. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni, ndiyo maana yako imekataliwa. Haina maana mashine imekufa. Weka Linux Mint, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows. Ni bure, unaipakua mara moja unaiweka kwenye flashi, na unaweza kuijaribu ikiwa kwenye flashi kabla hujagusa diski. Kama bado ina diski ya kuzunguka, badilisha uweke SSD, diski ya kasi isiyozunguka, hata ya GB 120. Hilo peke yake litaifanya ionekane mashine nyingine. RAM ifike GB 8 kama mfuko unaruhusu.

Ukishaweka, mchezo huu hauhitaji bando. Picha, maandishi, lahajedwali, vyote viko ndani. Mimi intaneti naiwasha tunapohitaji ramani, kisha naizima. Siyo kwa ubahili. Mtoto mwenye intaneti wazi huuliza jibu badala ya kulitafuta.

#7 Mwanzisha uzi

Sasa matembezi, na hapa nitakaa sana kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda.

Bagamoyo iko kama kilomita 65 kaskazini mwa Dar. Wasio na gari wapande basi stendi ya Makumbusho. Ondokeni mapema. Mambo ya kiingilio ulizeni getini maana bei hubadilika.

Kabla ya kwenda, siku chache nyuma, naandaa folda kwenye kompyuta, naiita KESI. Ndani kuna picha, maelezo ya washukiwa, na faili moja au mawili ya kuwababaisha. Watoto wanafanya kazi ya mezani nyumbani, kisha uwanjani wanakwenda kuthibitisha. Nitawapa mfano mmoja mzima mwone inavyokwenda.

Mjomba (mhusika wa kubuni) anadai mchana wa Desemba alikuwa ufukweni Bagamoyo, kwa hiyo hakuweza kuchukua ufunguo wa stoo Dar. Ushahidi wake ni picha: amesimama mchangani, ameipa bahari uso, kivuli chake kinaonekana. EXIF inasema 21 Desemba, saa 12:22, yaani saa sita na dakika ishirini na mbili mchana.

Watoto walianza na saa. Saa sita na ushee, sawa, jua liko juu kabisa. Saa za Afrika Mashariki zinahesabiwa kwa longitudo ya nyuzi 45, inayopita karibu na Mogadishu. Sisi tuko magharibi ya hapo, kwa hiyo jua la utosi linatufikia Bagamoyo kama saa sita na dakika ishirini na kitu, siyo saa sita kamili. Mpaka hapo Mjomba yuko salama.

Kisha kivuli. Bagamoyo iko nyuzi 6 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Mwezi wa Desemba jua la mchana linapita kusini yetu, kwa hiyo kivuli kinaelekea kaskazini. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini, kivuli kinaelekea kusini. Ufukwe wa Bagamoyo unatazama kaskazini mashariki. Ukisimama ukaipa bahari uso mchana wa Desemba, kivuli chako kinakutangulia kuelekea majini. Cha Mjomba kilikuwa nyuma yake, kimelalia upande wa minazi.

Urefu nao ukakataa. Mtu wa mita moja na nusu, jua la utosi la Desemba linampa kivuli cha kama sentimita 46. La Juni linampa 86. Kwenye picha kivuli kilikuwa kirefu kupita nusu ya mtu. Picha ni ya Juni, saa ya kamera ilirudishwa kwa mkono. Mjomba hana pa kutokea.

Tulipofika ufukweni ilikuwa Juni. Watoto hawakukimbilia maji. Walisimama mchangani wakisubiri saa sita na dakika zake, mmoja kashika futi kamba, mwingine simu yenye dira, na kivuli kikatoka pale pale kilipotakiwa kutoka. Nilifurahi sana siku ile.

Bahari nayo ni shahidi mzuri. Wavuvi wa pale wanajua hili bila karatasi: siku za mwezi mchanga na za mwezi mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kukupwa sana, na kwenye pwani yetu siku hizo bahari hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, ikakupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inasogea mbele kwa karibu dakika 50. Mtu akileta picha ya mwezi mpevu yenye bahari imejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko, akadai ni saa nne asubuhi, mwulize umejuaje. Kaeni na mzee wa soko la samaki mkiwa na picha zenu, muone anavyozisoma. Mwanangu wa pili aliandika kila alichoambiwa na yule mzee, na akampa shikamoo mara mbili.

#8 Mwanzisha uzi

Bagamoyo yenyewe, mbali na bahari, imejaa kesi halisi. Nitaje ninazozitumia.

Pale misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, kuna mbuyu uliopandwa mwaka huo huo. Kwenye shina lake kuna kipande cha mnyororo kinachotokeza. Kinasimuliwa kwamba Bibi de Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa, aliufunga pale mwaka 1895 ili amfungie punda wake, na haukutolewa. Mti ukanenepa ukaumeza, umebaki kiasi cha sentimita 30 tu. Watoto wote wa dunia wakifika pale wanauvuta. Waache wavute, kisha waulize: mnyororo umeingia ndani, au mti umetoka nje? Na kama mngekuwa na picha za mnyororo huu za miaka tofauti zisizo na tarehe, mngezipangaje? Kesi hiyo hutuchukua muda kuliko chakula cha mchana.

Hapo hapo misheni upo mnara ambamo mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Hadithi ya safari ile wengi tunaijua kijuujuu. Wahudumu wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba kutoka kijiji cha Chitambo, leo Zambia, zaidi ya kilomita 1,500, umekaushwa kwa chumvi na jua. Ninachowapa watoto ni maswali mawili.

La kwanza: Uingereza walijuaje kwamba ni yeye? Ulikuwa mwili uliokauka, uliosafiri miezi mingi, na mtu yeyote angeweza kudai umebadilishwa. Daktari William Fergusson aliangalia mfupa wa juu wa mkono wa kushoto. Mwaka 1844, huko Mabotsa, Afrika Kusini, Livingstone alishambuliwa na simba, mfupa ukavunjika na haukuunga vizuri. Alama ilikuwa pale pale. Akazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Watoto wangu husikiliza hapo kimya, maana ni kesi ya kweli, na shahidi ni simba wa miaka 30 nyuma.

La pili: alikufa lini? Shajara yake inakoma 27 Aprili 1873. Jacob Wainwright, aliyekuwa kwenye msafara, alichonga mtini 4 Mei. Vitabu vingi vinaandika 1 Mei. Hakuna aliyesema uongo. Watu wako porini, wamechoka, mgonjwa ndiye aliyekuwa anatunza kalenda na hesabu yake ya siku ilishaanza kuyumba. Mtoto aliyebadilisha betri ya CR2032 anaelewa bila kusukumwa. Wangu aliniuliza: "Baba, saa ya nani?" Nikamwambia hilo ndilo swali.

Kaole ipo kilomita 5 hivi kusini ya mji, pandeni bajaji. Magofu ya misikiti, wa zamani zaidi ukisemwa ni wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo. Tazameni nguzo vizuri, mtaona mashimo ya duara yenye kina kidogo. Msiwaambie watoto ni nini. Yalikuwa ya bakuli za Kichina zilizopachikwa kama pambo. Bakuli zimeondoka, nafasi zimebaki. Halafu waulizeni bandari iko wapi. Watazunguka. Mbele yao kuna mikoko tu. Mji wa bandari bila bandari ni kesi ya kukaa nayo njia nzima ya kurudi: mchanga ulijaa, mikoko ikaota, vyombo vikakosa pa kutia nanga, biashara ikahamia kwingine.

Mkirudi nyumbani msilale na picha kwenye simu. Ziingizeni kwenye kompyuta usiku ule ule, kila mtoto aandike maelezo mafupi ya picha tano alizochagua. Folda ipewe jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mfano 2025-06-21, ili zijipange zenyewe kwa mfuatano. Na nakala ya pili iende kwenye diski ya nje. Umeme wa kwetu tunaujua.

#9 Mchangiaji kutoka Tanga

Shukrani kaka. Umenishtua hapo kwenye picha kubeba mahali. Mimi hurusha picha za wanangu wakiwa na sare za shule kila Ijumaa. Ina maana mtu anaweza kujua nyumbani kwangu?

#10 Mwanzisha uzi

Dada yangu, inategemea umeituma vipi. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, EXIF inaondolewa. Ukiituma kama hati ili isipoteze ubora, kila kitu kinabaki, pamoja na mahali. Kwenye barua pepe nayo inabaki. Hatua ya kwanza, ingia kwenye mipangilio ya kamera ya simu uzime kuhifadhi mahali. Picha za zamani unaweza kuzisafisha kwenye kompyuta. Windows ina sehemu ya kuondoa maelezo binafsi hapo hapo kwenye sifa za faili.

Lakini nakuomba uangalie na picha yenyewe. Nembo ya sare, kibao cha duka nyuma, namba ya nyumba ukutani: hakuna programu inayoondoa hivyo. Kaa na watoto muwe nyinyi ndio wapelelezi wa picha zenu wenyewe kabla hazijatoka. Wangu sasa ndio wanaonikataza mimi.

#11 Mchangiaji

Mkuu, mtoto kafuta picha zote za harusi ya shangazi kwenye memori kadi ya kamera. Kuna tumaini?

#12 Mwanzisha uzi

Lipo, kama hamjapiga picha nyingine. Itoe kadi sasa hivi, isitumike kabisa. Kufuta kwenye memori kadi kwa kawaida hakufuti picha. Kunaiandika nafasi yake kuwa huru, na picha inabaki mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Pakua PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, ni ya bure. Inapita kwenye kadi yote ikitafuta alama za mwanzo wa faili. Picha ya JPEG, kwa mfano, siku zote huanza na baiti FF D8. Majina ya faili hayatarudi, picha zitarudi na namba tu, na EXIF itakusaidia kuzipanga upya. Muhimu: zihifadhi kwenye diski ya kompyuta, siyo kwenye kadi ile ile. Kwenye SSD mambo ni tofauti, ukifuta hupotea haraka, usitegemee.

Na wote mnaosoma hapa, fanyeni hivi kwa kadi zenu wenyewe tu. Kuingia kwenye simu au mashine ya mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hata pasingekuwa na sheria, si adabu. Nyumbani kwetu mpelelezi hagusi simu ya mtu.

#13 Mchangiaji kutoka Mombasa

Kazi safi ndugu. Sisi huku Bagamoyo ni mbali. Nina vijana wawili, nataka niwapeleke Gede Jumamosi ijayo. Waweza kunipa kesi moja ya kuanzia?

#14 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, Gede mmebarikiwa. Ule mji uliohamwa ndani ya msitu karibu na Watamu una kaburi ambalo limeandikwa mwaka, 802. Usiwaambie zaidi ya hapo. Wape namba tu nyumbani, waambie: kaburi hili ni la mwaka 802, je lina umri gani?

Watatoa 802 kwenye mwaka huu, watapata zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili, na watafurahi. Mwulize kila mmoja umejuaje. Akija kugundua kwamba ni mwaka wa Hijria, mwachie kompyuta. Mwaka wa Hijria unafuata mwezi, ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa jua, kwa hiyo haitoshi kuongeza 622, mwaka ambao hesabu ya Hijria inaanzia. Afungue lahajedwali, aandike 802, azidishe kwa 0.97, kisha aongeze 622. Ataangukia 1399 na desimali zake, na 1399 ndio mwaka unaotajwa kwa kaburi hilo. Halafu ajaribu na mwaka wa Hijria wa leo aone kama fomula inamrudisha kwenye mwaka tulio nao.

Mkifika, watangulize wao walitafute kaburi. Pelekeni maji ya kunywa, na kima wa pale wanajua kufungua mifuko.